Mjapani Aliyeufuata Moshi Hadi Uskoti

Wanaonijua watastaajabu kuona nimeshika kalamu kumwandika mtu wa wiski, nami sijapata kuionja wala sina nia. Lakini habari za marehemu Masataka Taketsuru zilinishika tangu nilipozisoma, kwa kuwa zaidi ni habari za moshi. Na sisi watu wa pwani, tunaofukiza nguo kwa udi na mitungi kwa ubani, moshi tunaujua.

Alizaliwa mwaka 1894 huko Takehara, jimbo la Hiroshima, katika ukoo wa watengenezaji sake, yaani pombe ya mchele. Mwaka 1918 kampuni moja ya Osaka ikamtuma Uskoti akajifunze wiski kwa wenyewe. Akasoma kemia Glasgow, kisha akaingia viwandani, Longmorn na baadaye Hazelburn kule Campbeltown, na kila aliloliona akalitia daftarini.

Huko kuna udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Hukatwa mfano wa matofali, ukaanikwa, ukawa kuni. Shayiri iliyorowekwa ikachipua hukaushwa juu ya moto wake, na moshi ukaingia ndani ya punje. Hata ikivundikwa, ikakenekwa katika mitambo ya shaba na kulazwa miaka mingi katika mapipa ya mbao, harufu ile haitoki. Na kila pipa lina tabia yake. Ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaonunua pipa moja moja na kulitia chupani bila kulichanganya na jingine, na wateja wao hubishana juu yake kama wazee wetu wanavyobishana juu ya kahawa.

Jambo la pili alilolipata Uskoti ni mke, Rita Cowan wa Kirkintilloch. Walioana Januari 1920, jamaa wa pande zote mbili hawataki, na mwaka huo huo wakaenda Japani.

Kumbe kampuni iliyomtuma haikuwa tena na uwezo wa kujenga kiwanda. Mwaka 1923 akachukuliwa na Bwana Shinjiro Torii, wakajenga Yamazaki, kati ya Osaka na Kyoto. Wiski yao ya kwanza ikatoka 1929, na wanunuzi wakaikunjia pua: yanuka moshi, kama kitu kilichoungua! Torii alitaka kinywaji kinachokubaliana na ulimi wa Kijapani. Taketsuru alikitaka kile alichokiona Uskoti. Mimi simlaumu Torii, kwani mteja ndiye mwenye fedha. Lakini yule mwingine alikuwa ametoa ujana wake kwa ajili ya moshi ule, angeuachaje?

Mwaka 1934 akatoka, akaenda Yoichi, kisiwani Hokkaido, kwenye baridi na udongo wa kinamasi kama wa Uskoti. Wiski changa haiuziki, basi akaanza kwa kukamua tufaha na kuuza maji yake. Wiski ya kwanza ya Yoichi ilitoka 1940. Hata jina la Nikka ni ufupisho wa jina la ile kampuni ya maji ya matunda.

Kisha vita. Rita alikuwa raia wa Japani kwa karatasi, lakini uso haubadilishwi na karatasi. Akawa akipelelezwa kama jasusi, ilhali kiwanda cha mumewe kinaliuzia wiski jeshi la majini la nchi hiyo hiyo. Alikuwa akipika vyakula vya Kijapani na kusema lugha yao, lakini majirani walimwepuka. Hakurudi kwao.

Alifariki mwaka 1961, umri wake miaka 64. Taketsuru aliishi miaka 18 baada yake, akajenga kiwanda cha pili karibu na Sendai, akafa Agosti 1979. Wamezikwa pamoja Yoichi.