Bibi Bertha na Gari la Kwanza Safarini

Wako watu wenye magari ya kale ambao huyafunika turubai mwaka mzima, yasiguswe na vumbi wala jua. Mimi nasema gari halitunzwi kwa kufichwa, na shahidi wangu ni Bibi Bertha Benz.

Bibi huyu alizaliwa Pforzheim, Ujerumani, mwaka 1849. Kabla hajaolewa na Carl Benz mwaka 1872, alitoa fungu alilopewa na wazazi wake akaiokoa karakana ya mchumba wake. Mwaka 1886 mumewe akapata hataza ya gari lake la magurudumu matatu, lakini wanunuzi wakalitilia shaka.

Agosti 1888, bila ya kumwarifu mumewe, Bibi Bertha akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim kwa mamake, kiasi cha kilomita 100, pamoja na wanawe wawili. Mafuta aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija ulipoziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka, akauzungushia ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika, mshona viatu akazigongomelea ngozi. Vilimani vijana walisukuma.

Aliporudi alimweleza mumewe yote, naye akaongeza gia ya kupandia vilima. Safari ilifichua kasoro ambazo banda lingezificha.

Bibi Bertha alifariki mwaka 1944, mwenye umri wa miaka 95. Nasi watu wa pwani twajua: jahazi likikaa sana mchangani, mbao hukauka likavuja.