Carl von Linde na Kompresa Iliyovuja

Bila shaka umewahi kuona mtumbwi ukifika Nyamukazi, au katika mwalo mmoja wa Muleba, ukiwa na sangara waliolazwa juu ya barafu. Umewahi pia kuona samaki waliofika bila barafu. Macho yao yamezama. Mashavu yao yamepoteza wekundu. Mnunuzi anawatazama kidogo, kisha anataja bei ya kumtia mvuvi uchungu. Samaki ni walewale na ziwa ni lilelile. Kilichokosekana ni barafu.

Barafu hiyo hutengenezwa na mtambo. Ndani ya mtambo mna pampu inayoitwa kompresa. Kompresa ikishindwa kazi, hakuna barafu, na jasho la usiku kucha limepotea. Hapa utasoma maisha ya mtu mmoja aliyehangaika na kompresa inayovuja, yapata miaka 150 iliyopita. Jina lake ni Carl Linde.

Linde alizaliwa tarehe 11 Juni 1842 katika kijiji cha Berndorf, nchi ya Bavaria, ambayo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Ilitazamiwa kwamba mtoto naye angekuwa mchungaji, lakini yeye alipenda mashine. Mwaka 1861 alikwenda kusoma katika chuo cha ufundi cha Zurich, nchi ya Uswisi. Huko walikuwako walimu hodari waliofundisha jinsi joto linavyofanya kazi katika mashine.

Masomo hayo hakuyamaliza. Mwaka 1864 wanafunzi waligoma, naye Linde akafukuzwa pamoja na wenzake. Akaondoka bila cheti. Sisi wenye vyeti tukumbuke jambo hili tunapojisifu. Linde alifanya kazi ya kujifunza katika kiwanda cha nyuzi, kisha katika viwanda vya injini za gari-moshi huko Berlin na Munich. Mwaka 1868 chuo kipya cha ufundi kilifunguliwa Munich. Linde akapata kazi ya kufundisha hapo, na mwaka 1872 akawa profesa.

Sasa tuje kwenye bia. Wewe unajua rubisi. Rubisi ya jana ni tamu, lakini ikikaa siku chache kwenye joto huwa kali na kuchachuka vibaya. Watengenezaji wa bia wa Bavaria walikuwa na shida ya namna hiyo hiyo. Bia yao ilihitaji baridi ilipokuwa ikichachuka, na baridi tena ilipokuwa ikingoja kunywewa. Wakati wa majira ya baridi watu walikata barafu katika maziwa na mabwawa yaliyoganda. Waliipakia kwenye magari ya farasi, wakaiweka katika maghala chini ya ardhi ili itumike wakati wa joto. Mwaka ambao baridi ilikuwa hafifu, maghala yalibaki matupu.

Mwaka 1870 na 1871 Linde aliandika makala kueleza jinsi mashine inavyoweza kutoa baridi kwa gharama ndogo. Yeye hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza barafu kwa mashine. Katika Australia, James Harrison alikwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1850. Lakini Linde alipiga hesabu za joto kwa makini kuliko waliomtangulia. Mwenye kiwanda cha bia cha Spaten cha Munich, Gabriel Sedlmayr, alisoma mawazo hayo akavutiwa. Alikuwa tayari kutoa fedha na mahali pa kujaribia mashine.

Kabla ya kuendelea, ni lazima uelewe mashine yenyewe. Chukua pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu. Sehemu ya chini itapata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Kisha kumbuka siku muuguzi alipokupaka spiriti kabla ya sindano. Ulisikia baridi. Spiriti ilipokauka iliondoka na joto la ngozi yako.

Mtambo wa barafu hutumia mambo hayo mawili. Kompresa huvuta gesi na kuibana. Gesi hupata moto, nayo hupita katika mabomba ya kupozea. Joto hutoka nje, na gesi hugeuka kuwa kimiminika. Kimiminika hupita katika tundu jembamba, na mbele ya tundu hilo hakibanwi tena sana. Hapo huchemka na kuwa gesi, na kinapochemka huchukua joto la maji yaliyo karibu. Maji yanaganda. Gesi hurudi kwa kompresa, na safari inaanza upya. Gesi ni ileile siku zote. Haipungui, isipokuwa kama kuna mahali inapotorokea.

Na hapo ndipo Linde aliposhindwa mara ya kwanza. Mashine yake ilijengwa katika kiwanda cha mashine cha mji wa Augsburg, ikajaribiwa mwaka 1874. Ilitumia gesi inayoitwa etha ya methili. Kompresa ilikuwa na silinda, na ndani yake pistoni iliyokwenda mbele na nyuma kwa fimbo. Fimbo hiyo ilipita katika tundu. Tundu likiwa legevu, gesi inatoka. Likibana mno, fimbo haiendi. Linde alitumia zebaki, yaani ile madini nzito inayotiririka kama maji, ili kuziba mahali hapo. Zebaki haikuweza. Gesi ilivuja, tena ni gesi inayoshika moto upesi.

Fikiri hali yake. Fedha za watu zimekwisha kutumika. Profesa ameandika kwamba jambo linawezekana, na mashine yake inavuja mbele ya macho ya watu. Mwingine angesema kompresa ni mbovu, itupwe. Linde alitafuta ni wapi hasa palipokuwa na ubovu. Hesabu za joto zilikuwa sahihi. Ubovu ulikuwa kwenye tundu la fimbo, na katika gesi aliyoichagua. Basi alibadili hayo. Aliacha etha ya methili akachukua amonia. Aliacha zebaki akatumia gliserini kuzibia. Amonia nayo si ya kuchezea. Harufu yake huchoma macho na kifua, na ikivuja ni lazima watu wakimbie kuelekea upande unakotoka upepo. Hata hivyo ilifaa zaidi.

Mashine hiyo mpya ilipelekwa katika kiwanda cha bia cha Dreher huko Trieste, mji wa bandari ambao wakati huo ulikuwa chini ya Austria na sasa uko Italia. Ilianza kazi mwaka 1877. Haikustaafu hadi mwaka 1908.

Msomaji, matatizo ya kompresa ya leo ni ndugu wa tatizo lile. Katika mwalo mmoja niliona mwenye mtambo amebadili kompresa mara mbili kwa mwaka. Kila mara fundi alisema kompresa imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Hakuna aliyeuliza imeuawa na nini. Mabomba ya kupozea yalikuwa yamezibwa na vumbi na magamba ya samaki hata hewa haipiti. Joto lilishindwa kutoka, kompresa ikaungua. Brashi na maji kidogo, umeme ukiwa umezimwa, vingemwokolea fedha zake.

Kama mtambo wako unanguruma lakini barafu ni nyembamba, huenda gesi imepungua. Tazama viungo vya mabomba. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo alama ya mafuta kwenye kiungo ni dalili ya uvujaji. Fundi hupaka povu la sabuni hapo, na mapovu yakifura, mwizi amekamatwa. Fundi anayeongeza gesi bila kuziba tundu anajaza maji katika ndoo iliyotoboka, nawe utalipa tena. Kama kompresa inavuma kidogo kisha inajizima, chunguza kwanza nguvu ya umeme na kapasita ya kuanzishia. Usiiguse kapasita kwa mkono. Huweka umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi. Na ukisikia kompresa inagonga kama nyundo, izime mara moja. Pengine kimiminika kinairudia. Kompresa hubana gesi. Kimiminika hakibaniki, kwa hiyo kitavunja vali zake.

Turudi kwa Linde. Mwaka 1879, akiwa na miaka 37, aliacha uprofesa, akaanzisha pamoja na wenzake kampuni ya mitambo ya barafu katika mji wa Wiesbaden. Miaka michache baadaye ulikuja msimu ambao baridi ilikuwa hafifu mno, na barafu ya maziwani ikakosekana. Wenye viwanda vya bia wakakimbilia mashine. Kufika mwaka 1890 alikuwa ameuza mashine 747.

Mmoja wa wanafunzi wake aliajiriwa katika kazi ya mitambo ya barafu huko Paris. Aliitwa Rudolf Diesel. Baadaye alitengeneza injini mpya, na mafuta ya malori yanayopita Muleba leo yanaitwa dizeli kwa jina lake.

Linde hakuishia kwenye barafu. Mwaka 1895 alifaulu kuifanya hewa yenyewe kuwa kimiminika kwa baridi kali, na mwaka 1902 akaweza kuitenga oksijeni kutoka katika hewa hiyo. Njia hiyo hutumika hata leo kupata oksijeni ya hospitali na ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka 1897 alipewa heshima na serikali ya Bavaria, na tangu hapo akaitwa Carl von Linde.

Alifariki huko Munich tarehe 16 Novemba 1934, akiwa na umri wa miaka 92. Mashine ya Trieste ilikuwa imezimwa miaka 26 kabla yake.