Mganga Atiman wa Karema

Katika yubilei ya jimbo letu twawakumbuka maaskofu na mapadre waliotutangulia. Pamoja nao imetupasa kumkumbuka mtu mmoja ambaye hakuwa askofu wala padre, naye ni Adrian Atiman, mganga na katekista. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya hospitali ya Sumbawanga iitwayo kwa jina hilo. Lakini si wengi wajuao maisha yake.

Alizaliwa katika miaka ya 1860 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, mbali sana na Ufipa. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na watu wa biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, wakamlea na kumfundisha. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana waliokombolewa kazi ya uganga, ili wakakae kati ya Waafrika wenzao, wawaponye mwili na kuwafundisha dini. Basi mwaka 1881 Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta, akasoma miaka saba.

Mwaka 1888 alitumwa Tanganyika. Tufikiri kidogo neno hili. Nchi za ziwa wakati ule zilikuwa katika dhiki: misafara ya watumwa ilivuka kutoka Kongo, vijiji vilichomwa, na watoto walinyang'anywa mikononi mwa mama zao. Pwani nako mwaka huohuo vilianza vita vya Abushiri. Mtu aliyeonja utumwa utotoni angaliweza kuomba apelekwe penye amani, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Atiman alikubali kwenda palepale ambapo msiba wake mwenyewe ulikuwa ukiwapata wengine.

Alifika Karema mwaka 1889. Hapo palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia mapadre mwaka 1885. Watu waliokombolewa na wale waliokimbia vita walikaa kandokando yake. Aliowatibu, basi, hawakuwa wageni kwake: alijua njaa yao, na hofu yao ya usiku. Akamwoa Agnes, binti wa nchi zile, akawa mwenyeji. Mwana wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923.

Shida hazikwisha pamoja na utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliziingia pwani za ziwa. Halafu vita vya 1914 hata 1918 vilifika mpaka juu ya maji ya Tanganyika. Askofu Lechaptois, aliyeongoza misioni tangu 1891, alifariki mwaka 1917 kabla ya kuiona amani. Serikali ya Wadachi ikaondoka, ya Waingereza ikaja. Atiman alibaki na wagonjwa wake. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, nao walio mbali wakapata kumjua. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya kuitumikia nchi ile miaka 67.

Karema sasa imo katika Jimbo la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000. Lakini jimbo letu lenyewe liliitwa Karema hata mwaka 1969, ndipo likapewa jina la Sumbawanga. Kwa hiyo sisi tukaao juu, penye baridi ya Ufipa, tu watoto wa misioni ile ya ziwani, na Atiman ni mzee wetu.

Sisi twadhani wema wake ulikuwa mgumu kuliko ushujaa wa siku moja. Kumwokoa mtu katika hatari mara moja ni jambo kubwa. Kufungua mlango kwa mgonjwa kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, ni jambo kubwa zaidi, maana hapo hakuna wa kushangilia. Nanyi walimu, angalieni: miaka 7 ya kusoma ilizaa miaka 67 ya kutumika. Mtoto aliye mbele yenu darasani, hata akiwa yatima asiye na mtu, hamjui ni wangapi watakaopona kwa mkono wake. Yeye aliyemnunua Atiman sokoni hakujua pia.