Ernst May, mkimbizi aliyepanga Kololo na Naguru

Wengi wetu tuliandikishwa pale polisi Old Kampala, vyeti vya shule vikiwa ndani ya bahasha, wala hakuna aliyeviuliza. Mashariki ya kilima kile, ng'ambo ya katikati ya jiji, ziko Kololo na Naguru. Aliyechora mpango wake naye alikuwa amekosa kwa kurudi.

Ernst May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Akiwa mkuu wa ujenzi wa mji huo alisimamia nyumba zaidi ya 10,000. Mwaka 1930 alikwenda Urusi kupanga miji mipya. Hitler akashika utawala 1933, na May, kwa kuwa ukoo wake ni wa Kiyahudi, hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 akafika Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha! (Kweli, yeye alikuwa na fedha za kununua shamba, sisi hatukuwa nazo.) Mwaka 1937 akafungua ofisi ya kuchora majengo Nairobi.

Vita ikaja. Waingereza wakamtia kizuizini kama Mjerumani, yeye aliyewakimbia watawala wa Ujerumani. Alipoachiwa alianza upya, na 1945 akapewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala. Kasoro hatuifichi: mpango ule uligawa watu kwa rangi, Waafrika wakatengewa Naguru.

Alichora pia Oceanic Hotel ya Mombasa, na jengo la ushirika wa kahawa wa Wachagga, Moshi. Alirudi Ujerumani akiwa na miaka zaidi ya 65, akapata kazi tena ya kupanga nyumba. Alikufa Hamburg mwaka 1970.