Rumaliza: Tajiri wa Tanganyika aliyekimbiwa na bahati

RUMONGE, Burundi. Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji kupitia Rumonge hadi Uvira, hakuna mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyeogopwa kama Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani. Jina hilo refu wanalijua wachache. Wengi wanamjua kwa jina alilobandikwa na watu wa ziwani: Rumaliza, yaani yule anayemaliza watu.

Kwa karibu miaka 10 alikuwa na kila kitu ambacho mtu wa zama zake angeita bahati. Alikuwa na meno ya tembo, bunduki, vyombo vya majini, mashamba, watumwa na rafiki mkubwa kuliko wote, Tippu Tip. Kisha, katika msimu mmoja wa vita, karibu vyote vikamtoka. Mwambao huu sasa umo ndani ya jumuiya moja, baada ya Burundi kujiunga na Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo kufuata mwaka 2022. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kusomwa upya. Yanauliza swali ambalo kila dini imewahi kulijibu: mali ya mtu hutoka kwenye bahati au kwenye matendo yake? Na matendo yakiwa mabaya, nani hulipa?

Kutoka Lindi hadi Ujiji

Rumaliza alizaliwa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo, karibu mwaka 1855. Ukoo wake wa Barwani una asili ya Oman na ulikuwa umetawanyika pwani yote. Kijana wa ukoo kama huo alijua mapema njia ya utajiri ilikokuwa. Ilikuwa bara.

Biashara yenyewe iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, akiwamo Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Msafara ulipanda kutoka pwani kwa miguu, ukapita Tabora, ukafika Ujiji baada ya miezi kadhaa. Huko bidhaa zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, ambazo thamani yake Unguja ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Aliyerudi salama alilipa deni akabaki tajiri. Aliyeshindwa, kwa homa, kwa vita au kwa wizi wa njiani, deni lilimfunga maisha.

Kwa hiyo kila msafara ulikuwa ni kamari. Lakini wakubwa wa biashara hiyo walipata namna ya kupunguza hatari. Walipokuwa na bunduki za kutosha, hawakulazimika kununua pembe. Walivamia vijiji, wakateka watu, na kuwarudisha baadhi yao kwa ndugu zao kwa malipo ya pembe. Waliobaki wakawa wapagazi, wapiga makasia, wakulima wa mashamba ya Ujiji, au askari wa kwenda kuvamia kijiji kinachofuata. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, lakini bara shughuli iliendelea, kwa kuwa mtumwa alihitajika huko huko.

Rumaliza aliingia katika ushirika wa biashara wa Tippu Tip, yeye pamoja na watu kama Bwana Nzige. Walivyogawana ardhi, ziwa likawa lake. Makao yake yalikuwa Ujiji, ambapo alipata cheo na nguvu za mtawala. Mwaka 1887 Tippu Tip alipokubali kuwa gavana wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, Rumaliza alibaki bwana asiye na mpinzani wa karibu katika maji ya Tanganyika.

Milima iliyomshinda

Rumonge, kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura, ilikuwa katikati ya njia yake ya maji kutoka Ujiji kwenda Uvira. Ukanda huu tambarare, Imbo, una rutuba na joto, na wakazi wake hawakuwa na ngome ya mlima ya kukimbilia haraka. Vyombo vya wafanyabiashara vilitia nanga, vikapakia chakula, na mara nyingi vikaondoka na watu.

Eneo hili lilikuwa na misukosuko yake hata kabla Rumaliza hajawa mkubwa. Mapadri Weupe walifungua hapa Rumonge misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Burundi mwaka 1879. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa katika ugomvi na wenyeji, na waliosalia wakahama. Kituo kikafungwa, na kwa miaka mingi pwani hii ikabaki haina mgeni mwenye nguvu isipokuwa watu wa Ujiji.

Rumaliza alitaka zaidi ya pwani. Juu ya Imbo kulikuwa na ufalme wenye watu wengi na ng'ombe wengi, chini ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyekuwa kwenye kiti tangu miaka ya 1850. Mara kadhaa katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890, watu wa Rumaliza walijaribu kupenya. Mara zote walirudishwa. Bunduki zao zilikuwa bora kuliko mikuki na mishale, lakini milima iliwanyima nafasi ya kuzitumia vizuri, na ufalme ulikuwa na wapiganaji walioweza kuitwa kutoka vilima vingi kwa wakati mmoja. Tofauti na maeneo mengi ya Manyema, hapa hakukuwa na vijiji vilivyogawanyika vya kushikwa kimoja kimoja.

Burundi ya ndani ikanusurika na misafara ya watumwa. Pwani haikuwa na bahati hiyo. Ng'ambo, Uvira, Rumaliza aliweka watu wake na kutawala atakavyo.

Moto wa Januari 1894

Upepo ulianza kugeuka mwaka 1890. Mkutano wa Brussels ulipitisha mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa na kubana uingizaji wa silaha katika Afrika ya kati. Kwa mtu ambaye mtaji wake halisi ulikuwa baruti, hilo lilikuwa pigo. Mwishoni mwa 1891, Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome ya Albertville, karibu na mji wa Kalemie wa leo. Watu wa Rumaliza waliizingira mwaka 1892 bila kuiteka.

Wakati huohuo vita kubwa ilizuka Manyema kati ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili na majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwishoni mwa 1893. Rumaliza alivuka ziwa na jeshi lake kwenda kuokoa upande wake. Alipambana vikali na majeshi ya Baron Francis Dhanis, na kwa wiki kadhaa haikujulikana nani angeshinda.

Mwanzoni mwa Januari 1894, kombora la mzinga lilitua ndani ya boma lake na kuwasha moto. Nyumba za nyasi zikashika, ngome ikaungua, watu wengi wakafa. Kabla ya mwezi kwisha, Kabambare, kituo kikuu cha wafanyabiashara katika njia ile, kilikuwa kimeanguka. Rumaliza alikimbilia upande wa Wajerumani akiwa hana jeshi wala mali.

Ni rahisi kusema kombora lile lilikuwa bahati mbaya tu. Lakini ukilitazama jeshi lililomzunguka, utaona jambo jingine. Askari wengi wa Dhanis walikuwa Waafrika, na kundi kubwa lilikuwa limetoka kwa Ngongo Lutete, mkuu aliyewahi kuwa chini ya Tippu Tip mwenyewe kabla ya kuhamia upande wa pili mwaka 1892. Mfumo uliofundisha watu kuvamia kwa bunduki uligeuziwa bunduki zilezile.

Wala walioshinda hawakuwa wasafi. Wabelgiji walimnyonga? La, walimpiga risasi Ngongo Lutete mwaka 1893 baada ya hukumu ya haraka, na Dola ya Leopold ikawatumikisha Wakongo kwa mpira kwa ukatili ulioshtua dunia. Kushindwa kwa dhalimu mmoja hakukumaanisha haki imefika.

Kesi na barua

Baada ya kupoteza vita, Rumaliza alianza vita ya makaratasi. Alimshtaki Tippu Tip mbele ya mahakama ya Wajerumani Dar es Salaam, akidai haki yake katika mali ya ushirika. Watu wawili waliogawana ziwa na misitu sasa waligombea hesabu mbele ya hakimu wa kigeni. Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905.

Rumaliza naye aliishia Unguja, na jina lake likasikika tena kwa namna isiyotarajiwa. Julai 1908 huko Lindi, mji alikozaliwa, ilisambaa barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilionya kuwa mwisho wa dunia umekaribia na kuwataka Waislamu watubu na waache dhambi. Wajerumani, waliotoka kuzima Vita vya Majimaji mwaka uliotangulia, waliingiwa na hofu, wakafuatilia chanzo chake, na uchunguzi ukawafikisha kwa Rumaliza. Iwe alikusudia siasa au ibada, mtu aliyeitwa mmaliza watu alikuwa sasa anahusishwa na wito wa toba.

Mwezi uliofuata, Agosti 1908, Mwezi Gisabo alifariki huko Burundi. Naye alikuwa ameinama: mwaka 1903, kwa mkataba wa Kiganda, alikubali ulinzi wa Wajerumani. Lakini ufalme wake ulibaki na watu wake.

Bahati au matendo?

Rumaliza alikuwa Mwislamu, na katika imani yake riziki hutoka kwa Mungu, na kila mwenye mali ataulizwa ameichuma vipi na kuitumia katika nini. Mafundisho hayo yanaonya vikali juu ya anayemuuza mtu huru, na wengi wa watu waliotekwa kando ya ziwa hili walikuwa huru hadi siku bunduki zilipofika.

Kuna mafundisho mengine yenye hoja inayofaa kusikika hapa. Wabudha, ambao hekalu lao la Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, hufundisha kuhusu karma. Watu wengi hudhani karma ni jina jingine la bahati. Sivyo. Karma ni tendo linalokusudiwa, na tendo hilo huzaa tunda lake kama mbegu. Utajiri unaweza kuwa tunda la ukarimu wa zamani, lakini jinsi mtu anavyouchuma leo ni mbegu mpya. Buddha alitaja biashara tano ambazo mfuasi wake asizifanye: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Rumaliza alijenga utajiri wake juu ya mbili za kwanza.

Mafundisho hayo hayasemi kwamba kila balaa ni adhabu. Buddha alikataa wazo kuwa kila kinachompata mtu kimetokana na matendo ya zamani. Yapo pia magonjwa, majira na ajali. Hii ni muhimu Rumonge. Mtoto aliyetekwa Imbo na kuuzwa Ujiji hakustahili lolote lililompata. Kosa lilikuwa la aliyemteka.

Deni ni la nani?

Wahenga wa Kiswahili walisema mchuma janga hula na wa kwao, na historia ya mwambao huu inaonyesha walivyoona mbali. Nchini Burundi neno Mswahili limebeba kwa muda mrefu maana ya pili, ya mtu mjanja asiyeaminika. Wanalibeba watu wa Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac, ambao wengi wao asili yao ni Warundi walioslimu, Wamanyema na wavuvi wa pande zote za ziwa. Baadhi yao bila shaka ni vizazi vya waliotekwa, si vya watekaji.

Hapa mafundisho ya karma yanatofautiana na methali. Yanasema kila mtu ni mrithi wa matendo yake mwenyewe. Mjukuu harithi deni la babu, sembuse mjukuu wa mtu aliyezungumza tu lugha moja na mdaiwa.

Lugha aliyotumia Rumaliza kupanga misafara ndiyo inayotumika leo kupanga bei ya mikeke, dagaa na mawese kati ya Rumonge, Kigoma na Uvira. Mali yake haikubaki. Kiswahili kimebaki, na wanaokizungumza wanastahili kupimwa kwa wanachofanya wao.