Al-Biruni na mizani ya maji

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ijumaa hii tunamkumbuka mwanachuoni mkubwa, Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm, ambako leo ni Uzbekistan. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alitengwa na kwao, lakini hakutengana na elimu.

Miongoni mwa yaliyomshughulisha ni namna ya kuutambua ukweli wa madini na vito. Sonara mwenye hila aliweza kuchanganya fedha ndani ya dhahabu, na mnunuzi akaridhika kwa kuwa uzito umetimia. Mizani hutaja uzito tu. Haisemi kilichopimwa ni kitu gani.

Al-Biruni akatengeneza chombo chenye umbo la pia, shingo nyembamba na mrija ubavuni. Alikijaza maji hadi usawa wa mrija, kisha akatumbukiza madini aliyokwisha kuyapima. Maji yaliyosukumwa yalitoka kwa mrija, yakaangukia katika kitanga cha mizani, nayo yakapimwa. Shingo ilikuwa nyembamba kwa makusudi, ili hata kipande kidogo kiyapandishe maji.

Tazameni faida yake. Mithqali 100 za dhahabu safi humwaga takriban mithqali 5 za maji. Fedha ya uzito huo huo humwaga karibu 9 na nusu. Basi dhahabu iliyochanganywa hujifichua yenyewe. Vipimo vyake vingi viko karibu sana na vya leo, na al-Khazini alivihifadhi katika kitabu chake Mizan al-Hikma mwaka 1121.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 440 Hijria (1048).

Ndugu Waislamu, Surat al-Mutaffifin inawaonya vikali wapunjao vipimo. Tunaouza mafuta, maziwa na dhahabu tujihesabu kabla hatujahesabiwa, na watoto wetu tuwafundishe kuwa kupima sawasawa ni elimu na pia ni amana.

Wabillahi tawfiq.