Maisha ya Daktari Burkitt wa Mulago

Kila mara wanafunzi wa zamani wanapotutembelea, vijana wa vidato vya juu huwazunguka na kuwauliza habari za kazi. Swali moja husikika sana siku hizi. Ni kazi gani hiyo ya msaidizi wa utafiti, ambayo idara za tiba za Chuo Kikuu mjini Mbarara huitangaza mara kwa mara? Je, mtu hufanya nini humo? Ni lazima awe daktari? Wengi hudhani ni kazi ya kuvaa koti jeupe na kuchungulia hadubini kutwa kucha. Badala ya kuwajibu kwa maneno yangu mwenyewe, nimeona afadhali niwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi ya namna hiyo katika nchi hii ya Uganda, naye akajulikana dunia nzima kwa ajili yake.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, mwaka wa 1911, karibu na mji wa Enniskillen katika Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini sifa yake ilitokana na ndege. Alikuwa akiwakamata ndege wadogo bustanini kwake, akiwafunga pete miguuni ili awatambue, kisha akichora ramani ya mipaka ya kila ndege. Majirani walimwona kama mtu wa ajabu kidogo. Naomba msomaji aikumbuke ramani hiyo ya ndege, kwa maana tutaikuta tena mbele.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto wa shule walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampiga usoni. Miwani yake ikavunjika na kigae kikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea kabisa, akatiwa jicho la kioo. Hakuwa mwanafunzi hodari sana. Aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin ili asome uhandisi kama baba yake, lakini baadaye akageuka akasoma udaktari, akafuzu mwaka wa 1935. Miaka mitatu baadaye akapata cheti cha upasuaji huko Edinburgh. Alikuwa Mkristo wa bidii, akatamani kufanya kazi katika Afrika.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Aliomba kazi ya udaktari katika utumishi wa serikali ya kikoloni, akakataliwa kwa sababu ya jicho. Waliopokea barua yake walidhani mpasuaji wa jicho moja hafai kupelekwa mbali peke yake. Ilipokuja vita ya pili ya dunia, jeshi halikuwa na ubaguzi huo. Mwaka wa 1941 akaandikwa kuwa daktari wa askari, akatumwa Kenya, Somalia na Ceylon. Vita ilipokwisha akaomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 akafika Lira, katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yake. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanaume wengi wenye busha. Mpasuaji mwingine angewapasua na kuwarudisha kwao, basi. Burkitt aliwapasua pia, lakini kila mmoja alimwuliza anatoka wapi, akaandika. Baadaye alipoyatazama maandiko yake akaona kwamba mashariki ya Lango busha lilikuwa ugonjwa wa kawaida, na magharibi lilikuwa haba. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, chakula ni kile kile. Sababu yenyewe, yaani minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ilieleweka baadaye. Lakini yeye alikwisha kujifunza kwamba maradhi nayo yana mipaka yake, kama wale ndege wa baba yake.

Mwaka wa 1948 akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala, akawa mpasuaji na mwalimu wa upasuaji katika shule ya tiba ya Makerere. Alikaa huko miaka kadhaa akifundisha na kupasua, hata ukafika mwaka wa 1957.

Siku moja mwaka huo Daktari Hugh Trowell, mwalimu mwenzake, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba mataya, kulia na kushoto, juu na chini. Meno yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakujua la kufanya. Kansa haina desturi ya kutokea mahali panne kwa mara moja, wala maradhi ya usaha hayafanani na hayo. Mtoto akafa. Baada ya wiki chache tu, Burkitt alikuwa Jinja akiitembelea hospitali ya huko. Alipotupa macho dirishani akamwona mama mmoja ameketi nje na mtoto wake, na mtoto huyo alikuwa na uso ule ule. Akaacha alilokuwa akilifanya, akatoka kwenda kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Mtoto wa kwanza alikuwa fumbo. Huyu wa pili alimwonyesha Burkitt kwamba kuna jambo la kutafutwa. Alirudi Mulago akafukua mafaili ya zamani, akaona watoto wengi wa namna hiyo: mmoja ameandikwa kansa ya taya, mwingine kansa ya figo, mwingine ya jicho, kila mmoja na jina lake, na hakuna aliyewaunganisha. Bahati njema, idara ya patholojia ya Makerere ilikuwa na daftari la kansa, lililoanzishwa na Profesa Jack Davies mapema katika miaka ya 1950, ambamo makarani waliandika kila mgonjwa na mahali atokako. Mtaalamu wa Kimarekani katika idara hiyo, Gregory O'Conor, akaonyesha kwamba aina zote hizo zilikuwa ugonjwa mmoja, kansa ya chembe za limfu, nao ulikuwa karibu nusu ya kansa zote za watoto walioandikwa daftarini. Hata katika vitabu vya hospitali ya Mengo, alivyoviandika Daktari Albert Cook tangu mwaka wa 1897, watoto hao walionekana. Ugonjwa haukuwa mgeni. Waganga walikuwa wakiupita tu.

Basi Burkitt akapiga chapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza: je, mmewaona? Fedha za utafiti alizopewa zilikuwa kidogo mno, za kutosha stempu na picha. Majibu yalipokuja, alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikafanya mshipi mpana katikati ya Afrika, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki hata Msumbiji. Mkia huo ulikwisha wapi? Na kwa nini?

Tarehe 7 Oktoba, 1961, aliondoka Kampala katika motokaa kuukuu ya Ford pamoja na madaktari wawili: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa fundi hodari wa motokaa, na Cliff Nelson wa Kanada. Walikwenda maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, wakifika hospitali zaidi ya hamsini, hadi Afrika ya Kusini na kurudi. Kila mahali waliwaonyesha waganga picha zile, wakauliza, wakaandika. Gharama ya safari yote haikufika pauni 700. Sijui utafiti mwingine uliozaa matunda mengi hivyo kwa fedha chache namna hiyo.

Waligundua kwamba ugonjwa haupandi milimani. Huku kwetu karibu na ikweta ulikoma kwenye urefu wa futi 5,000 hivi. Kadiri mtu alivyokwenda kusini ulikoma chini zaidi. Katika Kigezi, Rwanda na Burundi ulikuwa nadra sana. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, akaona kwamba urefu wenyewe si neno. Neno ni joto. Mahali penye baridi au ukame ugonjwa haukuwako. Tena kisiwa cha Unguja, chenye joto na mvua tele, hakikuwa nao, na huko kazi kubwa ilikuwa imefanywa ya kuangamiza mbu. Watafiti wakaanza kuitazama malaria. Ikaonekana vilevile kwamba watu waliohama kutoka nchi za milima, zisizo na malaria, wakashuka kwenye nchi ya joto, walipatwa na kansa hiyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Sisi tunaokaa karibu na Nakivale, penye watu wengi walioshuka kutoka milimani, tunaweza kulifahamu jambo hilo vizuri kuliko wasomaji wa mbali.

Mapema mwaka huo wa 1961, Burkitt alikuwa likizoni London akatoa hotuba katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako kijana Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilicheleweshwa na ukungu, chupa ikafika ikiwa na maji machafu kama maziwa. Wengi wangeimwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akaona chembe hai zikielea. Akazikuza, na mwaka wa 1964 virusi vikaonekana. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa huleta kansa kwa binadamu. Leo twajua kwamba karibu watu wote duniani wanavyo. Penye malaria kali tangu utotoni ndipo huleta madhara haya.

Na watoto wenyewe je? Mwanzoni Burkitt alijaribu kuwakata mataya, akaona ni kuwatesa bure. Kampala haikuwa na mashine ya kutibu kansa kwa miali. Akageukia dawa mpya zilizotoka Marekani, akazitoa kwa kiasi kidogo, na uvimbe ukayeyuka kwa siku chache mbele ya macho ya mama zao. Wengine ulirudi, wakafa. Wengine walipona kabisa. Hilo ni jambo ambalo wakati ule waganga wachache walithubutu kulitumaini kwa kansa yoyote. Mwaka wa 1967 kituo cha matibabu hayo kikafunguliwa Mulago kwa msaada wa Wamarekani, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda.

Burkitt mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko alianza utafiti mwingine, wa chakula chenye makapi na maradhi ya tumbo, akiuliza tena nani anaugua, na wapi. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianza mwaka wa 1989, na shule yake ya tiba ndiyo iliyotangulia. Hospitali ya Mbarara siku hizi hutibu kansa pia. Anayeajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti huenda akatumwa Biharwe au Nakivale na kalamu na fomu, akaketi chini ya mti na mama mwenye mtoto mgonjwa, amwulize kwa Kinyankole, au kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili: mama, mnatoka wapi? Na jibu aliandike sawasawa, pamoja na jina la kijiji. Daftari la kansa la Kampala bado linaandikwa.